Nyaya za plagi kwenye Chevelle ya 1970 yenye heda na HEI: nichague zipi, na nizipitishe wapi?

ChevelleYaOhio

Wakuu, habari za kazi. Nina Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350. Aliyeniuzia aliitoa distribyuta ya pointi (kidude kinachofunguka na kufungwa) akafunga ya HEI, yaani ya mfumo wa kuwasha wa kielektroniki wa General Motors, kisha akang'oa manifoldi za eksozi za kiwandani na kuweka heda za bomba ndefu. Najua wapo watakaosema kwamba Chevelle isiyo na injini kubwa ya inchi 396 wala 454 haistahili kuhesabiwa miongoni mwa magari ya misuli, lakini mjadala huo tuuache kwa siku nyingine.

Injini ikiwa ya baridi inanguruma vizuri bila kasoro. Ikishapata moto, na hasa nikikanyaga mafuta kuingia barabara kuu au kupanda mlima, inaanza kumisi (silinda inakosa kuwaka), na mara nyingine inapiga mlipuko kwenye kabureta. Nilipofungua boneti gizani huku injini ikiwaka, niliona cheche za buluu zikiruka kutoka kofia ya plagi ya silinda ya 3 kwenda kwenye bomba la heda, na kofia yenyewe imebabuka upande ulioelekea bomba.

Seti iliyomo ni ya bei nafuu na haina maandishi yoyote. Nyaya zote nne za upande wa dereva, yaani kushoto, zimekusanywa kuwa fungu moja kwa vibano vya plastiki, zikapitishwa juu ya kava ya vali, kisha zikashushwa kwenye plagi. Muuza vipuri mmoja ananishauri ninunue nyaya za milimita 10 kwa hoja kwamba waya mnene hutoa moto mkali zaidi, ilhali rafiki yangu anasisitiza kwamba za shaba tupu ndizo zinazodumu. Naomba wenye uzoefu wanieleze namna ya kuchagua, na njia ya kuzipitisha ili nisije nikaunguza seti nyingine.

Fundi_Houston

Ndugu ChevelleYaOhio, nianze na unene, kwa kuwa ndio unaotangazwa kwa sauti kubwa kuliko sifa nyingine zote. Milimita 7, 8, 8.5 au 10 ni kipenyo cha nje cha waya pamoja na ganda lake, na hakikuelezi chochote kuhusu kile kinachopitisha umeme ndani. Ganda likiwa nene huzuia umeme usivuje, ndiyo maana General Motors (GM), yenye chapa ya Chevrolet, ilipoieneza HEI kwenye magari yake katikati ya miaka ya 1970, ilihama kutoka nyaya za milimita 7 kwenda za milimita 8, kwa kuwa mfumo huo hutoa volti nyingi kuliko ule wa pointi. Kupita hapo faida hupungua upesi. Waya wa milimita 10 ni mgumu kukunja na hauingii kwenye vishikio vya kawaida, tena kwenye injini yenye heda hiyo nafasi unayoipoteza ni ile ile uliyoihitaji ili waya ukae mbali na bomba. Kwa gari linalotembea barabarani, 8 au 8.5 inatosha.

La kuulizia dukani ni moyo wa waya. Waya wa kaboni, ambao ndio uliokuwa ukitoka kiwandani, una nyuzi zilizopakwa kaboni na ukinzani wa omu elfu kadhaa kwa kila futi. Hunyamazisha kelele za redio vizuri, lakini kwa joto na kwa kuvutwavutwa kaboni hukatika ndani kwa ndani, wakati ganda kwa nje bado linang'aa. Waya wa mzunguko una uzi mwembamba wa chuma uliozungushwa kwa wingi juu ya kiini cha nyuzi. Ukinzani wake ni makumi au mamia machache tu ya omu kwa futi, na kelele huzuiwa na huko kuzungushwa kwenyewe. Huu ndio ninaoufunga kwenye magari ya wateja wangu, nao hustahimili kukunjwa. Shaba tupu sikushauri kabisa kwa HEI: haina chochote cha kuzuia kelele za umeme, na kelele hizo huweza kuivuruga moduli, yaani kifaa cha kielektroniki kilichomo ndani ya distribyuta, mbali na kuiharibu redio yako na ya jirani.

Angalia pia ncha za waya kabla hujalipa. Kifuniko cha HEI kina vichwa vilivyochomoza kama vya plagi, wakati kifuniko cha distribyuta ya pointi kina matundu ambamo waya huzama. Ukitaja dukani "Chevelle ya 1970" bila kueleza kwamba distribyuta imebadilishwa, utapewa seti ya matundu, na haitaingia. Waya wa koili hauuhitaji kwa sababu kwenye HEI ya kawaida koili imekaa juu ya kifuniko chenyewe. Kofia za upande wa plagi chagua kwa kutazama heda zako: kofia ya nyuzi 90 hufaa mahali bomba linapopita mbele ya plagi kwa karibu, na ya nyuzi 135 au iliyonyooka hufaa mahali penye nafasi. Hakuna sheria inayokulazimisha utumie pembe moja kwa plagi zote nane.

Sasa njia ya kupitisha, na hapa ndipo lile fungu la upande wa dereva linaponitia wasiwasi kuliko hata ile kofia iliyobabuka. Mfuatano wa kuwaka wa injini yako ni 1-8-4-3-6-5-7-2, distribyuta inazunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu, na silinda za namba witiri ziko upande wa dereva. Utaona kwamba 5 na 7, zilizopakana, zinawaka moja baada ya nyingine. Nyaya zake zikilala sambamba zikigusana kwa urefu wa kutosha, msukumo wa umeme unaopita kwenye waya wa 5 huamsha volti kwenye waya wa 7. Wakati huo pistoni ya 7 iko katikati ya mkandamizo, nyuzi 90 za krenki kabla ya kufika juu kabisa, na tayari silinda ina mchanganyiko wa hewa na petroli ambao bado haujabanwa sana. Cheche huruka kwa urahisi zaidi mahali penye shinikizo dogo, hivyo hata volti hiyo ya kuazima inaweza kuwasha, na moto ukianza mapema namna hiyo unaisukuma pistoni chini ilhali krenki bado inaipandisha. Dereva anasikia kugonga au kumisi, na akiendelea kuikanyaga injini kwa muda mrefu anaweza kuvunja pistoni.

Kwa hiyo katika kila kishikio weka 5 na 7 kwenye nafasi za mwisho, huku 1 na 3 zikikaa katikati yao. Nyaya zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe ya mraba, kwa sababu kuvukana hakuna madhara kama kulala sambamba. Vibano vya plastiki vya kukaza kata vyote utupe. Ziwe mbali pia na waya wa kipimo cha mizunguko ya injini.

Kuna jambo moja ninalohitaji kujua kabla sijasema zaidi. Aliyefunga HEI aliipa umeme kutoka wapi?

MzeeKabureta_Nairobi

Vijana, salaam. Mimi nimezitengeneza Peugeot 404, 504 na Land Rover za petroli tangu enzi ambazo gari lilikuwa linarudi na waya ule ule wa shaba lililokuja nao, na sijaona waya mwingine uliodumu kama huo. Waya wa kaboni ukishikwa vibaya siku moja tu umekwisha. Nashangaa kusikia shaba ikikataliwa moja kwa moja namna hiyo.

Fundi_Houston

Shikamoo Mzee. Hatupingani kuhusu kudumu, na kwenye magari uliyoyataja shaba ilifanya kazi yake bila lawama. Mfumo wa pointi hauna kifaa cha kielektroniki cha kuvurugwa. Kuna kidude kinachofunguka na kufungwa, kondensa na koili, basi. Tena magari mengi ya Ulaya yaliyotumia shaba yaliwekewa ukinzani kwenye kofia ya plagi au kwenye rota, kwa hiyo kelele zilizuiwa mahali pengine. Chevelle hii ingebaki na pointi zake, ningemwambia achague kwa kadiri anavyoipenda redio yake. Ila ina moduli.

MzeeKabureta_Nairobi

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Basi mwambieni na jinsi ya kuchomoa, maana nusu ya nyaya zinazoletwa gereji zimeuawa na mikono: ashike kofia, aizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie, ndipo avute. Asivute waya.

BinSaid_Muscat

Assalaam alaykum. Nachangia kutoka Muscat, ambako kiangazi hewa ya nje peke yake huzidi nyuzi 40 za Selsiasi na gari husimama kwenye foleni bila upepo, kwa hiyo habari za nyaya kuungua tunazifahamu vizuri. Gari langu ni Ford Mustang ya 1969 yenye injini ya 351 Windsor, nayo pia ina heda.

Silikoni nzuri huvumilia kiasi cha nyuzi 200 na zaidi kidogo, lakini bomba la heda karibu na kichwa cha silinda hupita hapo mbali sana injini inapofanya kazi nzito. Hakuna ganda la silikoni linaloweza kuligusa bomba hilo likasalimika, hata likiandikwa maneno gani kwenye kasha. Kinachookoa ni nafasi ya hewa: mimi hutafuta angalau inchi moja kati ya waya na bomba, na mahali ambapo inchi hiyo haipatikani ndipo ninapovalisha soksi ya nyuzi za kioo juu ya kofia, au ninaweka kofia ya kauri. Soksi hizo zina kasoro yake, maana hunyonya oili inayovuja kutoka kava ya vali, na soksi iliyolowa oili kando ya bomba la moto ni hatari. Kava zako zikivuja, badilisha gaskiti kwanza.

Jambo jingine ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba injini haitulii. Ukikanyaga mafuta, V8 ya Kimarekani hujipindua kwenye mipira yake na upande wa dereva ndio unaonyanyuka. Waya uliopimwa ukiwa umekazwa wakati injini imezimwa utavutwa kila mara unapoondoka kwa nguvu, na uliofungwa kwenye bodi badala ya injini utasuguana mpaka utoboke. Acha ulegevu kiasi, na kila kishikio kifungwe kwenye injini yenyewe, kwa mfano kwenye bolti za kava ya vali. Ukiagiza vishikio, mimi napendelea vya plastiki ngumu kuliko vya chuma kilichopakwa kromu. Vya kromu vinapendeza machoni, lakini ganda likichubuka ndani yake umeme unapata njia ya moja kwa moja kwenda kwenye bodi.

Nawaonya pia wenye Ford wanaosoma hapa wasije wakanakili namba za Chevrolet. Kwetu silinda 1 hadi 4 ziko upande wa abiria na 5 hadi 8 upande wa dereva, distribyuta iko mbele na inazunguka kinyume cha saa. Injini ya 302 ya zamani inawaka 1-5-4-2-6-3-7-8, hivyo za kutenganisha ni 7 na 8. Yangu ya 351 Windsor inawaka 1-3-7-2-6-5-4-8, kwa hiyo ninatenganisha 5 na 6. Linalochanganya zaidi ni kwamba injini ya 5.0 HO ya kuanzia 1982, ambayo ni 302 ile ile, ilipewa mfuatano wa 351. Mtu akinunua 302 iliyobadilishwa kemshafti, mfuatano unafuata kemshafti iliyomo ndani, na maandishi yaliyo kwenye manifoldi ya hewa hayawezi kumsaidia.

Asilia_1970

Naongeza upande wa wanaorejesha magari kama yalivyotoka kiwandani, ingawa muuliza swali hayumo katika kundi hilo. Kwenye injini ndogo za V8 za Chevrolet za wakati huo nyaya nyingi hazikupita juu ya kava za vali. Zilishuka nyuma ya injini, zikapita chini ya manifoldi za eksozi zikiwa zimeshikwa na vishikio vya chuma, kisha zikapanda kwenye plagi kutokea chini, na ngao za bati zikazikinga na joto. Ni njia nadhifu sana, na inafanya kazi kwa sababu manifoldi ya kiwandani ni fupi na imekaa juu. Heda za bomba ndefu hushuka hapo hapo zilipokuwa zikipita nyaya, kwa hiyo anayejaribu kuunganisha heda na njia ya kiwandani anajitafutia kazi ya kununua nyaya kila msimu. Kwa Chevelle hii, juu ya kava ndiyo njia sahihi, japo mimi binafsi haunifurahishi muonekano wake.

Kwa anayejali uasilia, nyaya za GM zilitengenezwa na kitengo chake cha Packard Electric na zilichapwa robo ya mwaka na mwaka wenyewe, kwa mfano 4-Q-69. Seti za kuigiza zenye tarehe hizo zinauzwa, na waamuzi wa maonyesho huzisoma kweli. Ndani yake ni kaboni. Corvette ilikwenda mbali zaidi: kwa kuwa bodi yake ni ya nyuzi za kioo na haizuii mawimbi ya umeme kama bodi ya bati, zile zilizoagizwa zikiwa na redio zilifunikwa distribyuta na nyaya kwa ngao za chuma.

ChevelleYaOhio

Nawashukuru nyote. Nimetazama tena na kweli 5 na 7 zimelala pamoja kutoka kwenye distribyuta mpaka karibu na plagi. Kuhusu swali la Fundi: HEI imeunganishwa kwenye ule waya uliokuwa unakwenda kwenye koili ya zamani, umeongezewa tu ncha mpya. Nimepima injini ikiwaka. Betri inaonyesha volti 14 kasoro kidogo, lakini kwenye kituo cha BAT cha distribyuta, pale inapopokelea umeme, napata 9 na kitu. Je, hilo linahusiana na nyaya za plagi, au ni jambo la pembeni?

Fundi_Houston

Linahusiana sana, na ungenunua seti ya bei kubwa kuliko zote bado ungelalamika. Waya ule wa koili ya zamani ni waya wa ukinzani. Chevrolet iliuweka makusudi ili kupunguza volti zinazofika kwenye pointi zisiungue mapema. HEI inahitaji volti 12 kamili, na ikipewa 9 koili yake haijai vizuri, hali ambayo huonekana zaidi mizunguko inapopanda, kwa kuwa muda wa kujaa unakuwa mfupi. Kumisi kwako unapoingia barabara kuu kunaweza kuwa na sababu zote mbili kwa pamoja.

Toa waya mpya wa geji 12 kutoka kituo cha IGN kwenye kisanduku cha fyuzi, yaani kile kinachopata umeme ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kuendesha na pia wakati wa kupiga stata, uupeleke moja kwa moja kwenye BAT. Hakikisha haukatiki unapopiga stata, maana kuna vituo vinavyokatika. Waya wa njano uliokuwa unatoka kwenye stata kwenda kwenye koili hauna kazi tena, kwa hiyo uondoe au uufunike ncha yake vizuri. Kisha pima upya injini ikiwa inawaka.

Ukimaliza hapo ndipo uje kwenye nyaya. Kwa heda zako ningenunua seti ya kukata mwenyewe, yenye moyo wa mzunguko na kofia za upande wa plagi zilizokwisha kufungwa, kwa sababu seti zilizokatwa tayari hupimwa kwa njia ya kiwandani na zitakuachia urefu wa ziada mahali usipoutaka. Tafuta koleo maalumu la kubania ncha. Plaisi ya kawaida huponda ncha badala ya kuifunga, na mguso mbaya hapo huzaa cheche ndani ya kofia. Badilisha waya mmoja mmoja, wa zamani ukitoka mpya unaingia mahali pake, ili usije ukapoteza mfuatano. Anza na wa silinda ya 1 na ya 2, ambazo ndizo za mbali zaidi na distribyuta, kwa kuwa ukikosea kipimo mabaki yanatosha kwa 7 au 8. Kabla hujaufunga kila waya pima ukinzani wake kwa mita: mrefu uwe na omu nyingi kuliko mfupi kwa uwiano wa urefu, na ukiona mfupi umeushinda mrefu basi ncha haikubana. Paka grisi ya silikoni isiyopitisha umeme ndani ya kofia, kidogo tu, ili isigande kwenye kauri ya plagi, na usukume mpaka usikie inabana.

Plagi zenyewe zitoe uzitazame, hasa ya 3 na ya 7. Kama ya 3 ina mstari mweusi kwenye kauri ya nje, umeme umeshazoea kupita hapo na utapita hata kwenye kofia mpya, kwa hiyo ibadilishe. Pengo la plagi kwa pointi lilikuwa inchi 0.035, kwa HEI iliyopata volti zake kamili unaweza kwenda 0.045, lakini usifungue pengo hilo kabla hujarekebisha umeme, kwa kuwa pengo pana linadai volti zaidi na ndilo linalosukuma cheche zitafute njia ya mkato kwenda kwenye heda.

BinSaid_Muscat

Na ukishafunga, rudia kile kipimo chako cha gizani, ila safari hii nyunyizia nyaya maji kidogo kwa chupa ya kupulizia wakati injini inawaka bila kutembea, na mikono ikae mbali na feni. Ukiona giza tupu, ingia barabarani uipe mzigo. Ikimisi tena baada ya hapo, tuletee picha ya rota na ya upande wa ndani wa kifuniko.